Kununua Mimea Hai ya Tangi la Samaki

Mimea mingi inayouzwa madukani kwa ajili ya tangi la samaki haikukulia majini. Ililelewa kwenye vitalu vyenye unyevu mwingi, mizizi ikiwa imelowa na majani yakiwa hewani. Wakulima wake wana sababu nzuri za kufanya hivyo. Hewani mmea hupata hewa ya ukaa bila shida, hukua haraka, haushikwi na mwani, na majani yake hukomaa kiasi cha kustahimili safari ndefu ndani ya sanduku. Mnunuzi asiyelijua jambo hili huchagua majani mapana yanayong'aa, huyapeleka nyumbani na kuyazamisha, kisha baada ya wiki mbili huyaona yakigeuka manjano, yakitoboka na kuyeyuka. Wengi hukata tamaa hapo hapo na kuamini kwamba mimea hai ni ya wataalamu, kumbe mmea wenyewe ulikuwa bado hai na ulikuwa ukijiandaa kuanza upya.

Jani la hewani lina ngozi ya nta inayozuia maji yasipotee, na lina vitundu vidogo vya kupitisha hewa. Majini vyote viwili havina kazi. Hewa ya ukaa husambaa ndani ya maji polepole mno, takriban mara 10,000 chini ya kasi yake hewani, kwa hiyo jani linalochipua chini ya maji huwa jembamba na laini, karibu halina nta, ili lifyonze hewa na virutubishi kupitia ngozi yake yote. Jani la zamani haliwezi kugeuka kuwa hili jipya. Mmea hulivunja, huchukua kilichomo ndani yake, na kukitumia kujenga majani mengine. Ndiyo maana anayenunua mmea wa tangi kwa hakika ananunua mizizi, shina na ncha inayochipua. Majani anayoyaona dukani ni ya muda, na kuuchagua mmea kwa uzuri wa majani hayo ndilo kosa linalowagharimu wanunuzi wengi.

Faida ya mimea ndani ya tangi ilijulikana mapema. Mwaka 1850 mkemia Robert Warington wa London alitoa taarifa ya jaribio alilolifanya kwa samaki wawili wadogo wa dhahabu na mmea wa valisneria katika chombo kikubwa cha kioo. Mmea ulitoa oksijeni na samaki waliishi bila kubadilishiwa maji kila mara. Lakini majani yaliyozeeka yalianza kuoza na kuyachafua maji, mpaka Warington alipoongeza konokono wa majini waliokula uozo huo. Jaribio lile lilionyesha pande zote mbili za suala hili: mmea unaokua huyasafisha maji, na mmea unaokufa huyaharibu. Leo kazi kubwa zaidi ya mimea inafahamika vizuri. Samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu kwao wenyewe, na mimea mingi ya majini huifyonza amonia hiyo kabla hata ya kugusa naitreti. Mmarekani Diana Walstad, katika kitabu alichokitoa mwaka 1999, alikusanya ushahidi wa kisayansi wa jambo hilo na kuonyesha kwamba tangi lenye mimea mingi na samaki wachache linaweza kujiendesha kwa vifaa vichache sana. Kazi hiyo lakini hufanywa na mmea unaokua. Uliodumaa hauifanyi, hata ukiwa wa bei kubwa.

Kabla ya kwenda dukani inafaa kujua mimea hii kwa jinsi inavyojishikiza na kula, kwa kuwa hilo ndilo linaloamua itapandwaje na itahitaji nini.

Kundi la kwanza ni la mimea yenye shina mlalo, yaani shina nene linalotambaa, majani yakitokea juu na mizizi chini. Mashuhuri kati yake ni anubiasi, mmea wa Afrika Magharibi na ya Kati, unaoota kwenye miamba na magogo kandokando ya vijito vya misitu ya Kameruni, Nigeria na Gabon. Pamoja nao kuna kangaga la Java la Asia ya Kusini-Mashariki, na bolbitisi, kangaga la mito ya Afrika. Mimea hii hufungwa kwa uzi juu ya jiwe au gogo. Shina lake likifukiwa mchangani huoza, na hiyo ndiyo njia ya kawaida inayoiua. Hukua polepole: anubiasi yenye afya hutoa jani jipya baada ya wiki tatu au nne. Kwa sababu jani moja hukaa miezi mingi, mwanga mkali huliotesha mwani, kwa hiyo mmea huu hukaa vizuri kivulini. Kwa mtu anayeanza, mwenye taa ya kawaida na asiye na mtungi wa hewa ya ukaa, hakuna mmea unaosamehe kuliko anubiasi.

Kundi la pili hula kwa mizizi. Hapa wamo ekinodorasi wa Amerika ya Kusini, kriptokorini wa Sri Lanka na nchi jirani za Asia, na valisneria, mwenye majani marefu kama utepe, anayeota pia katika maziwa ya Afrika. Hawa wanahitaji mchanga au changarawe ya kina cha sentimita 5 au zaidi, na mbolea ya vidonge inayofukiwa karibu na mizizi. Ekinodorasi anayeuzwa akiwa na kimo cha kiganja anaweza kufika nusu mita, na katika tangi dogo huwafunika wenzake wote. Kriptokorini ana tabia inayomtisha asiyeijua: akihamishwa, majani yote huweza kugeuka uteute ndani ya siku chache. Mizizi haifi. Ikiachwa bila kung'olewa, majani mapya huchomoza baada ya wiki chache, safari hii yakiwa ya majini.

Kundi la tatu ni la mimea ya shina refu, inayouzwa kwa mafungu. Hukatwa na kupandwa tena, kila kipande kikaota mizizi. Mingi hukua kasi na hunyonya virutubishi kwa wingi, na hilo ndilo tangi jipya linalolihitaji. Seratofilamu, ambayo haina mizizi kabisa na huota katika maziwa na mabwawa karibu duniani kote, ndiyo rahisi kuliko yote katika kundi hili. Inaweza hata kuachwa ielee tu. Mimea ya shina yenye rangi nyekundu ni habari nyingine. Wekundu wake hutaka mwanga mkali, madini ya chuma na mara nyingi hewa ya ukaa ya kuongezwa. Dukani, chini ya taa maalumu, huvutia kuliko yote. Nyumbani, chini ya taa dhaifu, hugeuka hudhurungi, hunyauka kutoka chini na kubaki vijiti. Afadhali isinunuliwe mwanzoni.

Kuna mimea mingine inayouzwa kwa matangi ambayo si ya majini hata kidogo. Ule unaoitwa mwanzi wa bahati si mwanzi wala si wa majini. Ni aina ya drasena kutoka misitu ya Afrika ya Kati. Hufanya vizuri mizizi ikiwa majini na majani yakiwa nje, lakini ukizamishwa wote huoza. Ndivyo yalivyo pia maua ya vyungu vya ndani kama spathifilamu, singoniamu na difenbakia, na baadhi ya majani yenye mistari myeupe au rangi ya zambarau yanayopangwa ndani ya matangi ya maonyesho. Mimea hii haifi mara moja. Akiba iliyo kwenye mashina huishikilia kwa wiki kadhaa, wakati mwingine miezi, na kwa muda huo wote huoza taratibu na kuwapa samaki maji mabaya. Dalili za kutilia shaka ni shina gumu linalosimama lenyewe likitolewa majini, jani nene lenye nta inayofanya maji yateleze kwa matone, na muuzaji asiyejua jina la mmea. Swali moja humaliza shaka nyingi: mmea huu umekaa muda gani chini ya maji hapa dukani, na umetoa jani jipya?

Ukaguzi wenyewe huanzia chini. Chungu huinuliwa na kutazamwa kwenye vitundu vyake: mizizi hai ni myeupe au ya rangi ya maziwa, na ikibanwa haivunjiki; mizizi iliyokufa ni myeusi au ya kahawia, huvutika kama uzi uliooza na hunuka tope. Kwa mmea wa shina mlalo, shina hubonyezwa kwa kidole gumba urefu wake wote. Likiwa gumu na la kijani, mmea ni mzima hata kama majani ni mawili tu. Likibonyea na kutoa majimaji yenye harufu, uozo umeshaingia ndani, na majani mazuri yaliyo juu yatadondoka moja baada ya jingine yakiwa bado ya kijani. Uozo huo huweza kufika hata kwa mimea mingine, hivyo hakuna punguzo la bei linaloufanya mmea huo ufae. Kwa mimea ya shina refu hutazamwa ncha. Ncha yenye majani madogo yaliyokaribiana, yenye rangi safi, inaonyesha mmea uliokuwa ukikua hadi jana. Ncha nyeusi au iliyokatika, na shina lililopauka pale lilipofungwa kwa risasi au mpira, ni dalili ya mzigo uliokaa sana. Kwa ekinodorasi na valisneria hutazamwa shingo ya mmea, pale majani yanapokutana na mizizi. Huko ndiko jani jipya hutokea, na shingo ikilegea hakuna kitakachotokea.

Majani yana habari zao pia, ili mradi yasomwe kwa mpangilio. Jani la zamani lenye doa au tundu halina uzito mkubwa. Jani jipya lililojikunja au lililopauka ndilo linaloonyesha njaa. Vinyweleo vyeusi vilivyoshikilia kingo za majani ni mwani mkaidi unaohamia kwenye tangi jipya pamoja na mmea, na kuuondoa huchukua miezi. Inafaa pia kutazama tangi zima ambamo mimea imewekwa. Samaki wanaokufa humo, au maji yenye utando juu, yanatosha kumfanya mnunuzi mwenye busara aondoke mikono mitupu.

Mimea huuzwa kwa sura tatu. Ya chungu huja ikiwa na mizizi iliyozungukwa na sufi ya mawe; ina akiba nzuri ya nguvu na humfaa zaidi anayeanza. Ya fungu ni rahisi kwa bei na hujaza tangi haraka, ila hubeba konokono na mwani zaidi. Ya tatu huja ndani ya kikombe kilichofungwa, ikiwa imeoteshwa maabara kutokana na tishu, juu ya jeli yenye virutubishi. Kikombe hicho hakina konokono, mwani wala viuatilifu, na hilo ni jambo kubwa kwa wafugaji wa uduvi wa mapambo. Mimea inayosafirishwa kutoka nchi moja hadi nyingine mara nyingi hupigwa dawa ya kuua wadudu, na kiasi kidogo cha dawa hiyo, ambacho samaki hata hawakihisi, huwaua uduvi wote kwa usiku mmoja. Vimimea vya kikombe ni vidogo na laini, vinapungua sana katika wiki za kwanza, na vinahitaji mkono mtulivu wa kuvipanda. Mwenye uduvi hana budi kulipa bei yake. Mwenye samaki peke yao anaweza kuchagua chungu.

Hakuna mmea unaofaa kila tangi, na jambo la kwanza la kupima ni maji. Visima vya Zanzibar na sehemu nyingi za mwambao huchimbwa kwenye mawe ya matumbawe, na maji yake ni magumu, yaani yamejaa chokaa. Maji ya mito ya milimani ni laini zaidi. Valisneria na seratofilamu huishi vizuri katika maji magumu kwa sababu zinaweza kuchota kaboni kutoka kwenye bikaboneti iliyoyeyuka humo, uwezo ambao mimea mingi haina. Mchanga nao hubadilisha maji. Mchanga wa ufukweni una chembe za matumbawe na makombe, na huendelea kutoa chokaa ndani ya tangi mwaka hadi mwaka, mbali na chumvi yake. Kuupima ni rahisi: gao la mchanga uliokaushwa huwekwa kwenye sahani na kudondoshewa siki au maji ya ndimu. Ukitoa povu lenye mchichito, una chokaa. Ukitulia, unafaa kuoshwa na kutumika.

Baada ya maji ni samaki. Samaki wa dhahabu hula majani laini yote na kufukua yaliyobaki. Samaki wa jamii ya sato na perege wanaofugwa kwa mapambo wana mazoea yao: mbuna wa Ziwa Nyasa hula mwani na majani, na wengi hufukua mchanga wakati wa kuzaliana. Kwao hufaa anubiasi na kangaga la Java, ambazo majani yake ni magumu na hayana ladha kwao, zikiwa zimefungwa juu ya mawe zising'oleke. Samaki wa Ziwa Tanganyika wanaishi katika maji ya magadi yenye pH inayokaribia 9, na humo valisneria hustawi kwa kuwa ni wa kwao. Gapi na samaki wengine wadogo hawana shida na mmea wowote, na watoto wao huponea ndani ya vichaka vya majani.

Joto husahaulika. Katika miji ya pwani maji ya tangi hufika nyuzi 30 miezi ya Januari na Februari. Anubiasi na valisneria huvumilia hali hiyo kwa muda, lakini mimea kadhaa ya asili ya maji ya baridi, kama ejeria, hulegea na kuoza. Kwa Nairobi au Arusha hali huwa kinyume, na ejeria hiyo hiyo hukua bila tabu. Kuhusu mwanga, taa ya LED ya rangi nyeupe, takriban Kelvini 6,500, hutosha mimea iliyotajwa hapa kama rahisi. Saa 6 hadi 8 kwa siku zinatosha miezi ya mwanzo. Tangi lililowekwa dirishani penye jua hupata mwani kabla mimea haijashika.

Idadi ina umuhimu kuliko watu wanavyodhani. Desturi ya kununua mimea mitatu na kusubiri ijae huupa mwani nafasi, kwa kuwa virutubishi vya tangi havisubiri. Tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 30, lenye ujazo wa lita 54, lapaswa kuanza likiwa na mimea inayofunika zaidi ya nusu ya sakafu yake, na sehemu kubwa iwe ya ile inayokua kasi. Baadaye mafungu hayo ya bei nafuu hupunguzwa, na nafasi hupewa mimea ya polepole iliyokuwa ndiyo lengo.

Safari ya kurudi nyumbani haitaki maji mengi. Mmea husafiri vizuri ukiwa umefungwa kwenye gazeti lililoloweshwa, ndani ya mfuko wa plastiki wenye hewa, mbali na jua. Mfuko uliojaa maji na kuning'inizwa kwenye usukani wa bodaboda mchana hupika majani kabla ya kufika.

Mmea uliofika nyumbani haupaswi kuingia tangini siku hiyo hiyo. Kwanza hutazamwa majani juu na chini kutafuta mayai ya konokono, ambayo ni vifuko vya utelezi mfano wa jeli, vyenye vidoa ndani. Huondolewa kwa kucha na kusuuzwa. Kisha mmea huogeshwa. Permanganeti ya potasiamu, miligramu 10 kwa lita moja ya maji, kwa dakika 10 hadi 20, huua wadudu wengi na vimelea. Shabu, ile ile inayotumika kutulizia maji machafu, huwekwa kijiko kimoja hadi vitatu vya mezani kwa lita nne, na mmea hulowekwa siku moja hadi tatu. Huwapunguza konokono na mayai yao. Jiki, sehemu 1 kwa sehemu 19 za maji, kwa muda usiozidi dakika 2, ni kwa mimea yenye majani magumu tu kama anubiasi, na baada yake mmea husuuzwa sana kwa maji yenye dawa ya kuondoa klorini. Valisneria na majani mengine laini hayaivumilii. Kwa tangi la uduvi, mmea hukaa wiki nzima kwenye ndoo peke yake, maji yakibadilishwa kila siku.

Hadhari hii ni kubwa zaidi kwa mimea iliyookotwa ziwani au bwawani. Seratofilamu na valisneria za bure zinapatikana kando ya maziwa mengi ya Afrika Mashariki, na kishawishi cha kuzichukua kinaeleweka. Lakini konokono wa jenasi za Biomphalaria na Bulinus, wanaoishi juu ya mimea hiyo hiyo, ndio wabebaji wa vimelea vya kichocho. Konokono aliyeambukizwa huendelea kutoa viluwiluwi vya vimelea majini kwa wiki nyingi, na viluwiluwi hivyo hupenya ngozi ya mtu. Mkono unaosafisha tangi umo hatarini sawasawa na mguu unaovuka kijito. Mayai ya konokono hayabebi ugonjwa, na konokono waliozaliwa ndani ya tangi lisilo na maambukizi hawana madhara hayo. Hatari iko kwa wale waliokomaa ziwani. Mbali na kichocho, mimea ya bwawani huleta lava wa kereng'ende, ambao ni wawindaji hodari na humaliza vifaranga vya samaki bila mwenye tangi kujua kinachoendelea. Mmea wa bure wa ziwani haufai nyumba yenye watoto wanaochezea tangi, na kwa wengine haufai bila kuogeshwa na kutengwa.

Upandaji huanza kwa kuondoa chungu. Plastiki hukatwa kwa mkasi badala ya kuvuta mmea, na sufi ya mawe huondolewa kidogo kidogo kwa kibano ndani ya bakuli la maji, nyuzi za mwisho zikitolewa kati ya mizizi kwa subira. Sufi ikibaki, mizizi hukosa hewa, na wakati mwingine vipande vyake huelea na kumezwa na samaki. Mizizi mirefu hupunguzwa hadi sentimita 3 au 4, na majani yaliyovunjika hukatwa. Chungu kimoja mara nyingi kina miche kadhaa; hutenganishwa na kupandwa kwa nafasi. Shingo ya mmea hubaki juu ya mchanga. Mimea ya shina refu hufunguliwa kwenye fungu, hukatwa kipande cha chini kilichopauka, na kila shina hupandwa peke yake, kwa kuwa fungu lililopandwa kama lilivyonunuliwa huoza katikati.

Wiki za kwanza kazi ni kuokota. Kila jani la zamani linaloanza kuyeyuka hukatwa na kutolewa kabla halijaoza, na sehemu ya maji, robo hadi theluthi, hubadilishwa kila wiki. Mbolea ya maji husubiri mpaka jani jipya lionekane, kwa sababu mmea usiokua hauili. Dawa za mwani zenye glutaraldehaidi huepukwa palipo na valisneria, kwani humyeyusha. Jani la kwanza la majini huwa dogo, jembamba na la rangi hafifu kuliko yale ya dukani, na baadhi ya watu hulidhani ugonjwa. Hilo ndilo lililosubiriwa. Likifuatiwa na la pili na la tatu, mmea umeshika.

Anayeagiza mimea kutoka nje ya nchi anahitaji kibali cha kuingiza na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi inakotoka. Kwa Kenya shughuli hiyo iko chini ya KEPHIS, na kwa Tanzania Bara iko chini ya TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Utaratibu huo una sababu inayoonekana kwa macho ziwani. Gugu maji, mmea wa Amerika ya Kusini uliosambazwa duniani kwa ajili ya maua yake mazuri, lilifika Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na kufikia mwaka 1998 lilikuwa limefunika zaidi ya hekta 17,000 katika Ghuba ya Winam, likifunga bandari na kuwazuia wavuvi. Salvinia ya Brazili iliwahi kulivamia Ziwa Naivasha vivyo hivyo. Mimea hiyo miwili haipaswi kununuliwa hata ikiwa midogo na mizuri ndani ya bakuli.

Hata mimea isiyo na sifa hiyo hupunguzwa mara kwa mara, na mabaki yake ni hai: kipande cha ejeria chenye urefu wa kidole kinaweza kuanza shamba jipya popote kitakapoangukia majini. Mabaki hayo hayatupwi mtaroni, chooni wala mtoni. Huanikwa juani mpaka yakauke kabisa, kisha huchanganywa na mboji au kufukiwa shambani. Maji yaliyotolewa wakati wa kusafisha humwagwa bustanini, nayo ni mbolea nzuri ya mchicha.